Mahame Waliyopewa Ndege

Ziada binti Mfaume alidanganya wageni mara moja tu maishani mwake, tena kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Kabla ya Operesheni Vijiji yeye na ukoo wake walikaa porini huko ndani, mwendo wa saa mbili kutoka barabara ya Milola. Mwaka wa sabini na nne wakapakiwa kwenye lori na vinu vyao na kuku wao, wakashushwa kando ya barabara, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Nyumba hakuililia. Nyumba ni fito na udongo, mtu hujenga nyingine. Alichokililia ni kaburi la Bakary, mumewe, lililobaki kwenye msitu nyuma ya mahame yao, pale walipohamishwa, pamoja na makaburi ya ukoo mzima. Msitu ule hakuna aliyethubutu kuukata hata ufito. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, ukoo uliingia, ukafyeka makaburi, ukafagia, ukasoma dua, ukatoka.

Abdulrahmani, mwenyekiti wa kijiji kipya, akautamani. Udongo mweusi kama ule unalala bure, alisema, na taifa linataka chakula; utafyekwa uwe shamba la ujamaa. Ziada akakosa hata hamu ya kula.

Ndipo walipokuja watu wa chama cha kutunza ndege kutoka Dar es Salaam, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Veronika, mvaa suruali, msema polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Wakatega nyavu, wakanasa kandege ka kifua cha rangi ya chungwa, wakakavisha pete ya bati mguuni, wakakaachia. Kijiji kilicheka mpaka watu wakashika mbavu: ndege asiyetosha hata kijiko cha mchuzi, anavishwa kama bibi harusi! Ziada hakucheka. Alimsikia Veronika akisema kwamba ndege yule hana pengine pa kuishi ila vipande vichache vya msitu wa pwani hii, na kwamba chama kitaiomba wilaya msitu usiguswe. Moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori.

Siku ya mkutano wa kijiji kuhusu msitu, Veronika akamgeukia yeye, mkubwa wa ukoo uliokuwa ukikaa huko.

"Mama, kuna watu wanaoutumia msitu? Kuna chochote humo ndani tukiandike?"

Sasa, kwao mgeni hatajiwi walipolala wafu. Akiuliza anajibiwa pori, naye kama ni mtu wa huku anaelewa, anainamisha kichwa, habari imekwisha.

"Hamna kitu, mwanangu," alijibu Ziada. "Ni pori tu."

Veronika hakuwa mtu wa huku. Akaandika. Ziada akatia dole gumba kwenye karatasi, na wazee wote waliojua ukweli wakanyamaza kwa heshima. Kama heshima ina siku ya kuwa upumbavu, basi ilikuwa siku ile. Mficha uchi hazai, na wao walificha mpaka wino ukakauka.

Wilaya ikakubali. Kibao kikasimikwa njiani: haruhusiwi kuingia mtu yeyote isipokuwa mlinzi. Mlinzi akawekwa Tomaso, Mkristo mpole aliyehamishiwa kijijini kutoka upande wa Nyangao. Shaabani ya kwanza ilimkuta Ziada yuko safarini Rasbura, kwa bintiye Kibibi aliyejifungua. Ya pili akaja na panga, fagio na ubani, akamkuta Tomaso kwenye kibao.

"Shikamoo, Mama Kibibi."

"Marahaba, baba. Nipishe. Nina kazi ya nusu saa tu."

Tomaso akaangalia lile panga, akasikitika kwelikweli. "Mama, Mwenyekiti anangojea hilo hilo. Kaniambia juzi, nikimpitisha mtu mmoja, kesho yake analeta watu arobaini na mashoka. Kama mmoja ana haki, wote wana haki."

Ziada akaketi chini. Akamwambia mgeni yule jambo ambalo mama yake angempiga kofi kwa kulitamka: kwamba mumewe yumo humo.

"Lakini karatasi inasema..."

"Najua inavyosema. Ni dole langu."

Tomaso alisema angemwandikia Veronika, lakini barua ya Dar ilikuwa na miezi yake, na mfungo ulikuwa na siku nne. Mwishowe akachukua fagio. Yeye ana ruhusa, alisema, ataingia amfagilie. Ziada akamwelekeza: vuka kijito, fuata miti mikubwa ya mkongo. Matuta yenyewe yameshalala, usiyatafute. La Bakary lina bakuli jeupe la maua ya buluu tulilolipindua upande wa kichwa kuwa alama.

Akabaki njiani na ubani wake, akasoma Fatiha, akarudia, akazisoma sura zote alizozijua. Ndege walikuwa wengi siku ile. Aliwasikiliza, akaona uchungu na shukrani kwa pamoja, maana miti ilikuwa imesimama, na bila uongo wake isingekuwapo.

Jua lilikuwa limeshapinda Tomaso alipotoka, mikono imechanwa na miiba, uso umekunjuka kwa furaha. Kifuani alikumbatia kitu alichokifunga kwa shati.

"Mama, huko kumefunga kabisa. Majani tupu, kaburi silioni. Nilikuwa nakata tamaa, mara nikalikanyaga hili. Nimekuletea, ujue nimefika kweli." Akamfungulia shati. Lilikuwa bakuli, halikuvunjika, maua yake ya buluu yangali na tope.

Ziada alilipokea kwa mikono miwili.

"Ulilitoa wapi, baba?"

Tomaso akageuka kuutazama msitu, huku na huku. Akanyoosha kidole, akakishusha, akakinyoosha mahali pengine.