Glavu ya Karatasi ya Avis

Avis alikufa kwa homa akiwa na miaka kumi na tisa, hajaolewa. Kwa desturi ya kijiji kile cha Uingereza, jeneza lake lilitanguliwa na taji la maua meupe lenye glavu moja ya karatasi. Aliyeikata ni mama yake, Damaris, mshonaji wa glavu. Kiganjani aliandika:

*Mkono umeuchomoa, glavu umeniachia,*
*Fundi, mbona waing'oa kazi hujamalizia?*
*Sitoki wala kupoa, hadi utanijibia.*

Taji likaangikwa katika kanisa lao la Kianglikana, chini, mahali mtu aliweza kuligusa. Jumapili tatu padri huuliza kama yuko mwenye neno la kupinga juu ya marehemu. Wakinyamaza wote, taji hupandishwa hadi kwenye boriti, na hakuna wa kulishusha tena.

Jumapili ya kwanza kimya, ya pili kimya. Katikati ya wiki Padri Crouch akamwendea Damaris, akamkuta analainisha ngozi. Alimsihi akate glavu nyingine, aandike shukrani. Ile ilikuwa kumshtaki Mungu, tena ndani ya nyumba yake.

"Sasa nimshtakie wapi, Padri? Sokoni?"

"Mama Avis, imani ni kunyamaza."

"Aliyenyamaza ni Yeye. Mtu hagombani na nyumba tupu. Ningekuwa sina imani, wino wangu ningeuweka akiba."

Padri akaondoka akiapa kwamba Jumapili atapinga mwenyewe.

Na kweli. Aliuliza, akangoja, kisha akasema yeye analo neno. Damaris alijua kitakachofuata. Taji likipingwa hushushwa na kuchomwa, na Avis atabaki na sifa ya msichana aliyepingwa.

Mzee Hobday, aliyeshika kamba ya kupandishia taji, hakuiachia. "Neno juu ya Avis, Padri?"

Padri alisita. Avis ndiye aliyemuuguza mke wa padri huyo hadi pumzi ya mwisho. "Juu ya maneno ya mama yake."

"Mama yake yu hai. Akifa, utauliza juu yake."

Watu wakacheka chinichini. Damaris akasimama.

"Kama mwanangu ana doa, Padri, liseme hapa."

"Hana," alisema padri, polepole.

Hobday akavuta kamba. Glavu ikapanda ikizunguka, mpaka juu kabisa. Padri akaomba, watu wote wakapiga magoti. Damaris alikaa, shingo kaiinua, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani.