Mishale Miwili

"Nikate?" Fundi Ashiru aliuliza kwa mara ya tatu. Kisu chake kilikuwa kimelala juu ya mpira wa rejeta, hakijauma bado, kama cha mchinjaji anayemsubiri mwenye kuku abadili nia.

Selestina aliutazama mpira ule. Haukuwa umemaliza mwaka, na katika pikapu nzima, iliyouzidi umri wa binti yake mara mbili, vitu vilivyostahili kuitwa vipya vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kukata kizima ili ujue kama ni kizima: hata yeye aliona ugumu wa kumweleza mtu jambo hilo.

"Kata, Fundi. Upana wa vidole viwili, usizidi."

Kisu kikazama. Maji yaliyosalia yakachuruzika mchangani, na Ashiru akakiinua kile kipande cha mpira, akakichungulia tundu lake upande wa pili, kisha akakitia mfukoni bila kusema anakipeleka wapi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, fundi umeme wa magari ambaye miwani yake ilishikwa na uzi wa kushonea nyuma ya kichwa. Karakana yake pale Masasi ilikuwa turubai moja na benchi moja, chini ya jabali lililotoa kivuli mpaka saa tano.

"Mwalimu," alisema akiichukua ile geji mpya kutoka kwenye boksi lake, "dashibodi yako ina geji ya joto. Ninaiona. Na inafanya kazi. Sasa hii ya pili ya nini?"

"Ile inafanya kazi kupita kiasi," Selestina alijibu.

Hakuwa akitania. Alifundisha fizikia katika sekondari moja ng'ambo ya Chidya, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiutazama mshale wa joto wa gari lile kila alipoendesha. Injini ikishapata moto tu, mshale ulipanda hadi katikati ukakaa hapo. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, katikati. Mchana wa Novemba, mapipa manne ya maji yakiwa nyuma, katikati. Mwanzoni utulivu ule ulimfariji. Kisha siku moja, akiwa mbele ya darasa, alijisikia akiwaambia wanafunzi kwamba kipimo kisichobadilika hakipimi kitu, na sentensi ile ikamrudia yeye mwenyewe kama jiwe lililogonga ukuta. Tangu hapo hakupata raha.

Lakini lipo jambo ambalo hakumwambia fundi, na ambalo hata yeye alilizungukia kwa mbali kama mtu anayelipita shamba la jirani waliyegombana naye.

Pikapu ile ilikuwa ya baba yake. Mzee Benedikto alikuwa ameendesha magari ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuacha mkwaruzo, na alipostaafu alijinunulia hilo moja. Miaka mitatu iliyopita, akiwa amepakia bati za kuezekea kanisa, liliungua mlimani alipokuwa akipanda Newala. Kichwa cha injini kilipinda kama jani la mgomba juani. Korosho za msimu mzima ziliishia kwenye matengenezo, na bati za kanisa zikamaliza safari kwenye lori la mtu mwingine, waumini wakitazama.

Selestina alipofika siku ile alimwuliza baba yake swali moja tu: hakuutazama mshale?

"Mshale ulikuwa katikati," mzee alijibu.

"Baba, injini haiwezi kuungua mshale ukiwa katikati. Labda ni macho."

Hakuyasema kwa ukali. Pengine angeyasema kwa ukali yangesahaulika, kama maneno ya ukali yanavyosahaulika. Aliyasema kwa upole, sauti ya mwalimu anayemsaidia mwanafunzi aliyekosea, na mzee hakubisha. Gari lilipotengenezwa alimwambia binti yake alichukue. Tangu siku ile hakukaa tena nyuma ya usukani wa gari lolote, na likija nyumbani kwake alilizunguka kama anavyozungukwa mbuzi wa watu.

Kazi iliendelea. Mahali palipokatwa Ashiru alipachika kiungo cha alumini, akakikaza kwa klampu mbili, na ndani ya kiungo akakifunga kisensa cha shaba kisichozidi kidole gumba, ambacho kingekaa ndani ya maji na kuonja joto lake. Kisha zikaja nyaya. Mwekundu aliutia kwenye fyuzi inayoamka ufunguo ukizungushwa. Mweupe aliuunga na taa ndogo, ili geji iwake usiku. Mweusi aliufunga kwenye bodi ya gari. Wa kijani ndio uliompa jasho: ilibidi utoke nyuma ya dashibodi, upenye ukuta wa chuma unaotenganisha miguu ya dereva na injini, ufike kwenye kisensa. Alilala chali chini ya usukani, viatu vikiwa nje ya mlango, Selestina akiwa upande wa pili ameinama ndani ya boneti akiungoja ncha ya waya kama anayengoja panya atoke shimoni.

"Umeuona?"

"Bado."

"Sasa?"

"Nimeukamata."

Walijaza maji, wakawasha gari. Mshale wa zamani ukaanza kupanda polepole kama kawaida yake. Mpya haukutikisika. Dakika kumi zikapita, mpira wa rejeta ukawa haushikiki, na mshale mpya umelala vilevile kwenye arobaini, namba ya chini kabisa.

Ashiru alivua miwani. "Mwalimu, wamekuuzia pambo. Warudishie."

"Tujaribu kwanza nje ya gari," Selestina alisema. Uso wake ulikuwa umechangamka. Alipenda sana kitu kinapokataa, kwa sababu kitu kinachokataa huwa na sababu.

Injini ilipopoa walikifungua kisensa, wakaziba tundu lake kwa kitambaa. Mama Theodora, aliyekuwa akiuza chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, jirani na karakana, aliwaazima sufuria yenye maji yanayotokota bila kuuliza kitu, ila alisogeza kigoda chake karibu ili aone. Selestina alikiunga kisensa na waya wa kijani ulionyoshwa, kisha akachukua kipande kingine cha waya, ncha moja akaishikiza kwenye shaba ya kisensa, ya pili kwenye bodi ya gari. Akakitumbukiza majini.

Mshale ukaruka. Sitini, themanini, tisini na tano.

"Mzima," Ashiru alinong'ona. "Sasa mbona mle ndani ulikufa?"

Selestina alikuwa ametulia, akiutazama ule waya mfupi alioufunga bila kufikiri, kwa mazoea ya maabara tu: umeme ukienda sharti upate njia ya kurudi. Akaugeukia mpira wa rejeta. Akacheka peke yake.

"Fundi, kisensa kimekaa kwenye nini?"

"Kwenye kiungo."

"Na kiungo?"

"Kwenye mp..." Ashiru alikatisha. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Mpira huku, mpira huku. Hakina ethi, umeme hauna pa kurudi. Tumekifunga kisiwani."

Waya mmoja mfupi kutoka kwenye kiungo hadi kwenye chuma cha injini, na geji ikawa hai. Mama Theodora alichukua sufuria yake akasema kwamba kumbe hata vyuma vinahitaji pa kurudi, akaenda zake.

Selestina alikuwa akipeleka saruji kwa baba yake Newala, mifuko kumi na miwili ya kuziba ufa wa kisima cha kuvunia maji ya mvua. Alipokuwa akifunga turubai juu ya mifuko, aliona Ashiru ameshanawa mikono na amevaa shati safi.

"Geji kama hizi nimefunga tatu maishani," alisema kwa haya kidogo. "Wenyewe huondoka nazo. Sijawahi kuiona hata moja ikipanda mlima. Kama kuna nafasi, nitarudi na basi la jioni."

Kwenye tambarare waliongea habari za shule na za betri. Mshale mpya ulisimama kwenye themanini na mbili, wa zamani katikati. Mikorosho ilikuwa imechanua pande zote, na wapulizaji walikuwa kazini. Vumbi la salfa lilining'inia mashambani, manjano hafifu, na harufu yake iliingia madirishani. Mlima ulipoanza, mazungumzo yakafa yenyewe.

"Themanini na nane," Ashiru alisoma. "Ule mwingine?"

"Katikati."

"Tisini na nne."

"Katikati."

Kona ya kwanza, gia ya pili. Pikapu ilinguruma chini ya uzito wa saruji. Tisini na tisa. Mia na mbili. Selestina alijua kwamba mtu mwenye busara angesimama, na alijua pia kwamba hajawahi kutaka kuona kitu kama alivyotaka kuona namba inayofuata. Mshale wa zamani haukusogea hata unywele. Ulikaa pale katikati umetulia, na uso wake wa kuaminika.

"Mia na sita, Mwalimu. Tusimame."

Aliegesha pembeni, akaiacha injini iungurume polepole, na Ashiru akafungulia hita ya ndani mpaka mwisho ili ilichote joto la injini. Walikaa wakitokwa jasho kama walio ndani ya tanuri, na ule mpya ukashuka hatua kwa hatua: mia, tisini na sita, tisini. Wa zamani haukuwa na habari. Ulikuwa haujui kwamba mauti yalipita jirani.

"Umetengenezwa hivyo," Ashiru alisema taratibu. "Ili dereva asihangaike. Unalala hapo mpaka mambo yaharibike kabisa, ndiyo uamke." Alizima gari, akashuka, akafungua boneti na kulisukuma feni kwa kidole. Likazunguka lenyewe, mizunguko mitano, sita, kama kitu cha kuchezea. "Na huyu ndiye mchawi. Likipata moto halishiki, linateleza tu bila kuvuta upepo. Walipotengeneza injini walirudisha feni lilelile?"

Selestina hakumsikia. Aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. *Labda ni macho.* Sauti yake mwenyewe ilikuwa imekaa kwenye kiti cha jirani, ya upole, yenye uhakika.

"Mwalimu?"

"Baba yangu alisema hivi," alijibu. "Alisema hivihivi."

Walifika Newala jua likiwa limeinama kidogo. Mzee Benedikto alikuwa uani, akikwangua ufa wa kisima kwa patasi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Saruji ilikataa mlima?"

"Shikamoo, Mzee," Ashiru naye alisalimu, kisha, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba jambo lililoko si lake, akaanza kushusha mifuko.

Njia nzima Selestina alikuwa amepanga maneno. Aliyapanga yakawa hotuba, akayapunguza, akayapanga upya. Sasa yote yalimtoroka, likabaki moja.

"Baba, siku ile ulisema mshale ulikuwa katikati."

Patasi ilisimama. "Nilisema."

"Ulikuwa katikati."

Akamweleza: geji mpya, namba moja baada ya nyingine, kona kwa kona, na ule wa zamani uliolala. Akamwomba radhi, si kwa maneno mengi. Mzee alisikiliza akiwa amekitazama kisima. Binti alipomaliza, mzee alijifuta mikono kwenye suruali, akatembea hadi kwenye gari ambalo kwa miaka mitatu hakuligusa, akachungulia dirishani. Injini ilikuwa imezimwa, ila ufunguo ulikuwa umewashwa. Mshale mpya ulionyesha themanini na tisa.

Aliinama zaidi, akausoma mara ya pili.

"Hukukosea sana," mzee alisema hatimaye. "Nilisikia harufu. Kona ya kwanza tu. Harufu ya mpira unaoiva. Mimi naijua kama ninavyoijua ya ugali. Nikautazama mshale, uko katikati. Nikasema, Benedikto, pua imezeeka, hiyo ni salfa ya mikoroshoni. Nikakanyaga mafuta."

"Hukuniambia hilo."

"Hukuuliza pua. Uliuliza macho."

Upepo wa ukingo wa mlima ulipita ukatikisa turubai lililokuwa tupu nyuma ya pikapu. Mzee alifungua boneti mwenyewe, akauona mkato kwenye mpira, kiungo kinachong'aa, ule waya mfupi wa ethi. Alikigusa kila kimoja, akauliza kazi yake, akasikiliza majibu ya Ashiru kama kijana siku ya kwanza kazini. Kisha akaweka ncha za vidole vyake juu ya mpira wa rejeta, akafumba macho.

"Kaa ndani, usome," alimwambia binti yake. "Usiniambie mpaka niseme."

Selestina akaingia, akakaa.

"Themanini na tano," mzee alikisia.

"Themanini na moja, Baba."

Mzee alikubali kwa kichwa, bila aibu, mkono wake ukiwa palepale. Ashiru, aliyekuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, alisikia honi ya basi lake la jioni likiondoka upande wa sokoni, akaliacha lipite. Ndani ya gari mshale ulikuwa ukiteremka polepole mno, kiasi kwamba macho hayakuuona ukitembea, yaliuona tu ukiwa umeshafika.

"Sasa?" Selestina aliuliza.

"Ngoja," mzee alisema, macho yamefumbwa. "Ngoja kwanza. Bado unashuka."

Selestina akabaki na namba mdomoni, akamngoja.