Ukuta Uliohama

Nyumba ya Tiya iliteketea wakati wa vita, pale Burat, Isiolo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama moto uliletwa na shifta, wale waasi, au na askari wa serikali. Alitoka na mwanawe Ado mgongoni, basi. Ndipo mumewe Duba akauza ngamia, akaleta mabati ya asbestosi.

"Haya hayashiki moto," alisema. Tiya hakutaka kitu kingine duniani.

Kuta alizisimamisha mwenyewe kwa miti na udongo, maana kwa Waborana nyumba ni kazi ya mwanamke, na ni mali yake. Lakini mabati yalizidi kuta kwa urefu, na upepo wa Isiolo hung'oa ukingo unaoning'inia. Kwa hiyo fundi Kaberia, Mmeru, alikuwa akiyakata kwa msumeno tangu asubuhi. Vumbi jeupe lilimjaa mpaka kwenye kope.

"Fundi, umetoka kusaga mahindi?" Duba akamtania.

"Ningekuwa nimesaga, ningekula." Kisha kikohozi kikamkunja kama upinde.

Tiya alikuwa akizoa vumbi lile na kulichanganya na samadi ya kukandika. Kama bati haliungui, na ukuta usiungue. Mgongoni, Ado alilamba kidole cheupe.

Kaberia aliweka msumeno chini. "Mama Ado, mpanguse mtoto. Na hiyo samadi, itupe."

"Kwa nini?"

"Sijui. Najua wale tuliokata nao haya Nairobi wanakohoa hivi, na wengine tumewazika. Mimi ugali wangu uko kwenye msumeno. Yeye je?"

"Anatafuta kupumzika huyu," Duba akasema. "Kata, fundi."

Tiya alimpangusa Ado kwa kitambaa chenye maji. Aliuwaza ule moto, akakiwaza kile kifua cha fundi. Kisha akashika mti wa pembeni mwa ukuta, akaanza kuutikisa ung'oke.

"Unabomoa nini?" Duba akauliza.

"Nyumba yangu. Mama alihamisha nyumba nzima kwa ngamia. Mimi nishindwe na ukuta mmoja? Nitausogeza nje mpaka mabati yatoshe yalivyo. Fundi hakati tena."

Duba alitaka kubisha. Lakini kwa mambo ya nyumba, mume wa Kiborana hana sauti. Akaenda kutafuta sululu.

Kaberia alilowesha vumbi, akalifukia pamoja na ile samadi mbali na mlango, huku akikohoa. Tiya akamletea maziwa.

"Hayaponyi kifua haya, mama Ado."

"Najua. Kunywa tu."