Mkono wa Mjomba

Mjomba alikuwa fundi wa ndege kwa miaka thelathini na mmoja, lakini hakuwa amewahi kurushwa na mpwa wake. Siku hiyo alikubali. Binti huyo alikuwa amebakiza safari moja apate leseni ya kubeba abiria, na kosa lolote la rubani lingemrudisha mwanzo.

Alisoma orodha ya ukaguzi kwa sauti.

"Vali ya mafuta?"

"Wazi," alijibu mjomba. Kisha akakumbuka kabari zinazozuia magurudumu, akashuka kuziondoa, akarudi kitini.

Injini iliwaka, ndege ikapaa. Kwenye futi mia nne injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Usigeuke!"

"Sigeuki, Mjomba. Tulia."

Kwa kimo kile, kugeuka kurudi uwanjani ndiko kunakoua. Aliinamisha pua ya ndege, akachagua shamba lililokuwa mbele, kushoto kidogo.

"Maharage ya nani yale?"

"Mjomba!"

"Nauliza tu."

Utaratibu unamtaka rubani afunge mafuta kabla ya kugusa ardhi. Alinyoosha mkono kwenye vali. Ilikuwa imefungwa tayari. Zilibaki futi sitini. Muda wa kuwasha upya haukuwepo.

Ndege iligusa matuta, ikarukaruka, ikasimama. Tairi moja lilipasuka. Wao hawakupata hata mchubuko.

"Vali ilikuwa imefungwa," alisema rubani.

Mjomba aliutazama mkono wake. Kila aliposhuka kwenye ndege, miaka yote ile, mkono huo ulifunga vali bila kumwomba ruhusa.

"Nilishuka kuondoa kabari," alisema polepole.

"Na mimi sikukagua tena."

"Ulikuwa umeshakagua. Mtu mzima nakufungia mafuta, halafu nakuuliza maharage ya nani!"

Walicheka mpaka mwenye shamba akafika mbio, akadhani wamegonga vichwa.

Fomu ya chanzo cha ajali hujazwa na fundi. Kwa kawaida mjomba aliandika maneno matatu: kosa la rubani. Safari hii aliandika: "Fundi alifunga vali baada ya ukaguzi." Akasaini. Mkufunzi mkuu alisoma mara mbili, akauliza kama mwandiko ni wake kweli.

"Wa mkono uleule," alijibu mjomba.

Safari ya leseni ilirudiwa Ijumaa, abiria akiwa yuleyule. Kabari aliziondoa rubani mwenyewe. Mjomba alibaki kitini, amekalia mikono yake.