Betri za Mkwe

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize ofisini. Miaka thelathini na moja nimetunza mafaili kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, na hakuna bosi ambaye sijampasulia ukweli wake. Lakini mbele ya mume wa binti yangu mdomo hutiwa kufuli. Mkwe ni mkwe. Ukimkaripia leo, machungu yake atayala binti yako kesho.

Siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu. Nastaafu wiki ijayo, na Mkuu wa Utumishi alitaka barua yangu ya kwanza ya ajira kabla ya saa sita mchana. Kompyuta yao ilianza kunihesabu tangu mwaka ilipoletwa, kwa hiyo kwa hesabu yake nimefanya kazi miaka tisa.

"Mama, bila karatasi, hiyo miaka ishirini na miwili hukuwepo," aliniambia, biskuti mdomoni.

Hukuwepo! Mimi niliyemfungulia faili siku anaajiriwa, hajui hata kufunga tai!

Barua nilijua iliko: rafu ya chini kabisa, kona ya mwisho. Mafaili ya wenzangu yamepangwa, yananyooka; langu nimelisukumia huko. Mganga hajigangi. Na balbu za kule chini zilikufa zamani. Maombi ya mpya nimeandika mara saba, nakala ninazo. Ndiyo maana natembea na tochi yangu ndogo ya plastiki, ya betri mbili.

Asubuhi ile mkwe alipita nyumbani kunijulia hali. Ni fundi simu. Mtaani wanamwita Profesa, na jina limempanda kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akaiona tochi mezani, akaiwasha, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. "Mama yangu, bado uko na betri hizi?" Akazitoa, akazitia mfukoni akazitupe, akachomeka mbili za lithiamu zenye umbo lile lile.

Sasa, kazi yangu mimi ni kusoma maandishi madogo. Kwenye mfuniko wa tochi imeandikwa volti moja nukta tano kwa kila betri. Ubavuni mwa betri zake: tatu nukta saba. Nikauliza kwa ile sauti ya adabu ya ukweni, "Baba, nguvu haitazidi?"

Akacheka. "Mama, tangu lini nguvu kuzidi ikawa hasara?"

Angekuwa karani wangu, ningemrudisha darasa la kwanza. Nikasema, "Ahsante baba, Mungu akuzidishie."

Basi nikashuka nayo. Jamani, mwanga! Niliona utando wa buibui uliokula chumvi nyingi kuliko mimi. Niliona mwandiko wangu wa ujanani kwenye majalada. Nikaanza kujilaumu kwa kumdharau mtoto wa watu.

Faili nikalipata. Barua ilikuwemo, imegeuka rangi ya chai, muhuri wake mzima. Nililia kidogo, sifichi. Tochi ilishaanza kuniunguza kiganja, nikaiweka juu ya faili ili nipanguse miwani.

Ikasema tsss. Plastiki ikalegea, moshi ukatoka, kisha cheche. Kabla sijaivaa miwani, faili linawaka. Nikapiga kwa kiatu, nikamwaga ndoo nzima ya mchanga wa kuzimia moto. Rafu ikapona. Mafaili ya watu wote yakapona. Langu mimi likabaki majivu na pini mbili. Nikakaa sakafuni. Maisha yangu ya kazi yameungua kwa sababu ya adabu!

Mkuu alishuka akikohoa moshi. Akaniuliza kilichotokea, nikamweleza yote, mpaka zile volti. Sijawahi kumwona ana raha vile. Miaka yote alikuwa akinitafutia kosa. Akapanda mbio, akaitamka kwa sauti barua ya onyo, katibu wake anachapa, akasaini, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

"Soma hapa hapa," akasema.

Nikasoma. "Ni aibu kwa mtumishi aliyetunza chumba hiki kwa miaka thelathini na moja mfululizo, ambaye kwa uzoefu huo alipaswa kujua kwamba betri za lithiamu haziwekwi kwenye tochi ya betri za kawaida."

Nikarudia ule mstari taratibu.

"Umeelewa kosa lako?"

"Nimeelewa sana, Mkuu."

Nikasaini kuipokea, nikatoka. Saa sita kasoro dakika tano nikarudi, nikamwekea nakala mezani.

"Ya nini hii?"

"Karatasi uliyoitaka, Mkuu. Inasema nilikuwepo miaka yote thelathini na moja. Sahihi ni yako."

Akasoma. Akaikamata nakala kwa mikono miwili aichane.

"Chana tu, baba," nikamwambia. "Barua yenyewe nimeshaifungulia faili."