Sinki la Chumba cha Chini

Tangu mama aunguze pazia la jikoni, nyumba nzima ilimsemesha kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Mwanawe alisema tu kwamba ngazi zinamtesa magoti, na kwamba ile stoo ya chini, ikipakwa rangi na kuwekewa sinki, itamfaa sana kwa kulala.

"Utakuwa na maji yako papo hapo, mama. Hutapanda wala kushuka."

"Magoti yangu hayana neno."

"Najua," mwanawe akajibu, akatazama pembeni.

Jumamosi asubuhi akaja fundi bomba, pande la mtu lenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Mtaa mzima ulimwita Kipara, na mwenyewe aliitika. Mama aliketi kwenye kitanda chake kipya amtazame, maana siku hizi hakuachiwa kazi yoyote ila kutazama za wenzake.

Bomba kuu la maji machafu lilishuka kutoka jikoni ghorofani, likapita kwenye kona ya chumba kile na kuzama sakafuni. Lilikuwa la chuma. Marehemu mumewe alilisimamia likiwekwa, mwaka walipohamia. Kipara aliligonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza.

"Bado zima," alisema. "Lingekuwa limeliwa na kutu, ningelikata hapa likabomoka mpaka juu."

Hata hivyo alilibana kwanza ukutani kwa vibano viwili, lisije likamshukia. Kisha akachukua pimamaji ya kupimia mlalo na penseli, akachora mstari kutoka mahali pa sinki hadi kwenye bomba, umeinama kidogo sana.

"Mbona umepinda?" mama akauliza.

"Ni makusudi, mama. Nikiulaza sawasawa, uchafu unaganda. Nikiuinamisha mno, maji yanatangulia mbio yanauacha uchafu nyuma." Akachomeka penseli sikioni. "Na jiko litakaa upande gani, nisije nikalizibia?"

Mama alinyoosha shuka ambayo haikuwa na kunyanzi.

"Jiko halitakuwepo."

Kipara alimtazama kidogo, akarudi kwenye mstari wake.

Kabla ya kukata aliwaita wote wawili, mama na mwana. Mke wa mwanawe alikuwa ametoka na mtoto. "Nikishafungua hili bomba, mtu asimwage maji huko juu mpaka niseme. Hata tone." Mwana akaitikia, akaenda dukani kununua mipira ya kuungia. Mama naye aliitikia.

Msumeno wa umeme ulipoanza kulia, vumbi la kutu lilijaa chumba kizima. Mama akatoka akikohoa. Akiwa chini ya ngazi alikumbuka kwamba fundi yule tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani. Haijapata kutokea mtu akafanya kazi katika nyumba yake na koo kavu. Akapanda.

Alitaka kumchemshia chai. Alipopeleka mkono kwenye jiko, hakukuta vile vifundo vya kuwashia. Vyote vimeng'olewa, vimebaki vijiti vitupu. Alisimama akavitazama kwa muda. Basi, maji ya kunywa yatatosha. Lakini glasi zote zilikuwa kwenye sinki, zimezama katika maji ya sabuni pamoja na vyombo vya usiku, na yeye hajawahi kukuta vyombo vichafu akaviacha. Akapandisha mikono ya gauni, akachomoa kizibo.

Maji yalishuka kwa mgugumo. Chini, sauti ya Kipara aliyekuwa akijiimbia ikakatika katikati ya neno.

Hapo ndipo mama alipokumbuka kila kitu, neno kwa neno, mpaka lile la "hata tone".

Alishuka, akamkuta Kipara ameloa chapachapa, maganda ya vitunguu yameganda kichwani. Godoro limelowa upande mmoja. Mama alishika mlango.

"Usijali, mama," fundi alisema akijipangusa kwa kiganja. "Hapa hakuna nywele za kuharibika."

Mwanawe akatokea nyuma ya mama na mfuko wa dukani. Alitazama sakafu, godoro, fundi.

"Nani amemwaga maji?"

"Mimi," Kipara akajibu haraka. "Nilipanda kunawa, nikajisahau."

Uongo ule ulikuwa mlango wa kutokea, umefunguliwa wazi. Mama angeweza kupita kimya, na mwanawe angejitia kuamini. Akaona haya kumwachia mtu baki mzigo wake.

"Anakudanganya kwa sababu ana roho nzuri," alisema. "Ni mimi. Aliniambia, nikasikia, nikaitikia. Kisha nikaenda nikamwaga."

Mwana aliketi kwenye godoro pale pale palipolowa. Hakupandisha sauti.

"Naogopa, mama."

"Hata mimi, mwanangu."

Kipara aliwapa mgongo akaendelea na kazi, taratibu kuliko ilivyohitaji. Alipachika kiungo cha njia tatu kwenye pengo alilokata, akavisha mipira juu na chini, akaikaza kwa pete za chuma. Chini ya sinki akafunga kile kipande kilichopinda, kinachobaki na maji ili harufu isipande. Akajaza sinki, akaliachia, akapapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikabaki kikavu.

"Likivuja, mwiteni Kipara," alimwambia mama akifunga begi.

"Jina nitalikumbuka?"

"Ukisahau jina, hutasahau kichwa."

Mama alicheka, mara ya kwanza siku ile, naye Kipara akaenda zake.

Jioni mwanawe alimletea chakula, akageuza godoro, akakaa naye mpaka alipomaliza. Aliponyoosha mkono kuchukua sahani, mama aliizuia.

"Acha. Nina sinki langu."

Mwanawe akamwacha. Mama akaosha sahani, akaisuuza, akaiegemeza ukutani. Kwenye kona, maji ya mkwewe yalikuwa yakiteremka ndani ya bomba la chuma, ya kuoshea masufuria ya watu wanne. Aliyasikiliza yakipita mpaka yakaisha. Alipogeuka aliiona sahani imeloa, na hakuwa na hakika kama ameiosha au ameilowesha tu. Akafungua maji, akaiosha.