Ukuta wa Mwenyekiti Hautobolewi

Mwenyekiti aliongoza kikundi cha sala, na kwa kuwa cheo hicho hakikuwa na mshahara, alijilipa kwa kukitumia nyumbani. Aliponunua kisanduku cha intaneti alikiweka sebuleni dirishani, akakifunika kitambaa cha kufuma, akawagawia majirani nenosiri kama mtu anayegawia watoto pipi. Tangu hapo kibaraza chake hakikukosa watu, na wote walimwita mfadhili. Lakini katika chumba cha nyuma, ambako mkewe, muuguzi msaidizi, alisomea masomo yake ya jioni, mtandao ulifika hoi, kama mgeni aliyepotezwa njia.

"Nje wanashiba, ndani tunalamba sufuria," mkewe alimwambia fundi wa mtandao aliyemwita.

Fundi akagonga ukuta kwa kidole. "Kazi ndogo hii, shemeji. Natoboa hapa, napitisha waya kutoka kwenye kisanduku mpaka mezani kwako. Mtandao wa waya hauyumbi."

"Hapatobolewi kitu," Mwenyekiti alisema kutoka kitini kwake. "Ukuta nimeupaka rangi juzi. Halafu waya ni mambo ya kale. Wenzetu wameshafunguliwa kamba, wewe unataka kunifunga tena kama mbuzi."

"Baba watoto, mtihani wangu wa mdomo ni kwa video. Mtandao ukikatika, nimefeli. Nimesoma nikitoka zamu miguu imevimba."

"Kwani humwamini Mungu?"

"Mungu namwamini. Ukuta ndio siuamini."

Mwenyekiti alicheka peke yake. Fundi akafunga mkoba, akamwachia mama wa nyumba kipande kifupi cha waya. "Shika huu, shemeji. Bora kidogo kuliko kukosa."

Asubuhi ya mtihani mama alipiga magoti, akavaa sare iliyopigwa pasi, akajifungia chumba cha nyuma. Swali la kwanza alilijibu vizuri. Katikati ya la pili mtahini aliganda kwenye kioo, jicho moja limefumba nusu, kama mtu aliyeonja ndimu. Kisha akatoweka. Punde simu ikalia.

"Mama, sikupati. Nawamaliza wenzako, halafu nakurudia. Ukikatika tena, tuonane mwakani."

Mwakani. Alitoka na kompyuta kifuani. Sebuleni alikuta kikundi kizima kimesimama, macho yamefumbwa, na simu ya Mwenyekiti imeegemezwa kwenye chupa ya chai, ikiirusha sala hiyo moja kwa moja kwa walimwengu.

"Mfungulie njia mtumishi wako," Mwenyekiti alinguruma, "mtihani wake usikatike."

Walikuwa wanamwombea yeye. Mtandao wote wa nyumba ulikuwa unatumika kumwombea apate mtandao.

Alingoja mpaka mwisho, na amina aliitikia kwa moyo, maana sala ni sala hata ikipita kwenye koo la mpiga kelele. Kisha akakivua kisanduku kitambaa, akachomeka waya wa fundi, ncha ya pili akaichomeka kwenye kompyuta, akaketi kwenye kiti cha Mwenyekiti.

"Mke wangu, tuko hewani," Mwenyekiti alinong'ona.

"Naona. Mungu amewasikia, na jibu lake ni mhame. Endeleeni chumba cha nyuma. Yeye kule anafika."

Bibi mmoja wa kikundi akaguna kwa kicheko, akawa wa kwanza kuchukua mkoba wake. Wengine wakamfuata, na Mwenyekiti akaburuta miguu nyuma yao.

Mtahini alirudi, sura na sauti safi kabisa. "Mzazi anatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Unaanza na nini?"

"Naita msaada. Huku nasugua mji wa mimba ujikaze, na naangalia..."

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti alisimama hapo, simu ameinyanyua juu ya kichwa. "Mama watoto, mbona huku hakuna mtandao kabisa?"

Mtahini akainua uso. "Huyo nani?"

"Mgonjwa mwingine," mama alijibu bila kugeuka. "Ana sauti kubwa, maana yake anapumua. Anaweza kusubiri."

Mtahini akaandika kitu.

"Sahihi. Swali linalofuata."